Gari lenye Macho: Je, Yafaa Kulilipia Zaidi?

Ndugu askari wa Uganda aliyejinyima miaka mingi ili anunue gari lililokwisha kutumika Japani hukabiliwa siku hizi na swali gumu: aongeze fedha apate gari lenye kamera na rada za kumsaidia dereva, ama atosheke na la kawaida?

Vifaa hivyo havifai kuhukumiwa kwa mkumbo. Breki inayojifunga yenyewe gari la mbele linaposimama ghafula yastahili gharama yake. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba hupunguza kwa karibu nusu ajali za kugonga gari lililo mbele. Na Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, umeilazimisha katika kila gari jipya.

Sivyo ilivyo kwa kifaa cha kulizuia gari lisitoke katika mstari wake. Hicho husoma rangi iliyopakwa barabarani. Katika njia za udongo za Karamoja kitasoma nini? Tena kioo cha mbele kikivunjwa na changarawe, kamera iliyo nyuma yake sharti irekebishwe upya kwa vyombo maalumu, ambavyo si kila gereji inavyo. Na askari aliyetoka lindo la usiku asidhani rada itamlalia usingizi wake.

Basi lipia breki. Lakini idai katika gari lile lile unalolinunua, kwani magari ya aina moja na mwaka mmoja hutofautiana vifaa, na muuzaji huenda akakuonyesha picha ya jingine.