Hifadhi si maegesho, lakini dereva alale wapi?

Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Malawi au Lubumbashi hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Dereva halipi kiingilio kwa kuwa yuko kwenye barabara kuu. Ndiyo maana ni rahisi kusahau kwamba tangu 1964 eneo hilo limetengwa kwa ajili ya tembo, twiga, nyati na simba, na kwamba ulinzi wao haukomi pale lami inapoanza.

Masharti yenyewe yanaeleweka. Mbao za barabarani zinataka mwendo usiozidi kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Anayegonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama, tena kwa hesabu ya dola. Anayetaka kulala hifadhini lazima awe na kibali, alipie, na alale kwenye kambi iliyotengwa. Mtalii mwenye gari la kitanda na jiko ndani haruhusiwi kuegesha chini ya mbuyu wowote uliompendeza. Mfanyabiashara wa vitunguu anayelala ndani ya lori hawezi kudai ruhusa ambayo hata mtalii hana.

Sababu zake ni za kweli. Cheche moja ya jiko la mkaa kwenye nyasi kavu za kiangazi inaweza kuunguza malisho ya msimu mzima. Mabaki ya ugali na maganda ya ndizi huwazoesha nyani kukaa barabarani, na hapo ndipo wanapogongwa. Tembo hunusa matunda kutoka mbali, na turubai la lori si ukuta. Utingo anayeshuka gizani kubadilisha tairi hana wa kumwangalia mgongoni.

Hata hivyo, kuna tofauti ambayo serikali zinapaswa kuikubali. Mtalii anayelala hifadhini amepanga safari yake hivyo. Dereva wa mizigo hakupanga. Amecheleweshwa bandarini, akakaa foleni ya mizani, giza likamkuta njiani. Akikimbiza gari ili atoke, anavunja masharti ya mwendo. Akisimama, anahatarisha maisha yake, mali ya watu na wanyama wenyewe. Na nyanya zinazooza kwenye lori hazimsubiri mtu.

Tatizo hili si la Mikumi peke yake. Nchini Uganda, barabara ya Mbarara hadi Kasese, inayotumiwa na wanaoelekea mpaka wa Mpondwe, hupita ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth na kuvuka mfereji wa Kazinga pale Katunguru. Nchini Rwanda, barabara ya Huye kwenda Rusizi, ambayo ni njia ya wafanyabiashara wa Bukavu, hupita katikati ya msitu wa Nyungwe. Nchini Kenya, barabara ya Mombasa hadi Nairobi hupita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, lakini huko Voi na Mtito Andei imekuwa miji ya kupumzikia, yenye chakula, vyumba na mafundi. Mji wa Mikumi nao hupokea malori, ila uko upande wa kuelekea Iringa: anayetoka Dar es Salaam huufikia akiwa amekwisha kuvuka hifadhi.

Kinachohitajika ni maegesho ya usiku katika pande zote mbili za kila hifadhi inayokatizwa na barabara kuu: yenye taa, maji, vyoo na mlinzi, kwa bei ambayo mwenye lori moja ataimudu. Mamlaka ya Ushoroba wa Kaskazini yenye makao Mombasa imekuwa na mpango wa vituo vya mapumziko kando ya barabara. Vituo vya karibu na hifadhi vitangulizwe, na Ushoroba wa Kati ufuate mfano huo.

Pili, masharti ya hifadhi yaandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, pamoja na namba ya simu ya askari wa wanyamapori, na dereva apewe pamoja na nyaraka zake za forodha. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Mfanyabiashara aliyeruhusiwa kuvuka mpaka asiachwe kujifunza kanuni za njiani kwa kutozwa faini.

Wafanyabiashara nao wana wajibu. Vyama vyao viwaagize madereva walale Morogoro kama jua limezama, na mwenye mzigo asimpigie dereva simu kumhimiza avuke hifadhi usiku. Saa chache za kuchelewa zina gharama, lakini twiga mmoja aliyegongwa anaweza kumeza faida ya safari nyingi, na dereva aliyekufa halipiki.