Kioo Kinachoamua Picha

Mjadala kuhusu video za Bongo Fleva umezoea kuendeshwa kwa kipimo cha gharama, kana kwamba historia ya fani hiyo ni safari ya kutoka kwenye picha hafifu kwenda kwenye picha angavu. Toleo hili linashikilia hoja nyingine, kwamba kilichobadili mitindo ya video hizo, kuliko mifuko ya wasanii na hata kuliko ladha zao, ni kioo, yaani skrini ya kutazamia, ambacho kila kizazi cha waongozaji kililazimika kukiridhisha.

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, vilipoanza vituo binafsi kama ITV na DTV. Waongozaji waliotamba katika muongo uliofuata, akina Adam Juma wa Visual Lab, walitengeneza video kwa ajili ya sebule, ambako baba, mama na watoto hutazama pamoja, na ndiyo maana kisa kilitawala: penzi linaota, usaliti unagundulika, na katikati ya kisa hicho mwimbaji anaikabili kamera akichezesha midomo kufuatisha sauti iliyokwisha kurekodiwa studio. Mitaa ya Dar es Salaam ilionekana kwa wingi kwa sababu bajeti haikuruhusu kwenda mbali, na ufinyu huo, ambao wakati ule ulionewa aibu, ndio uliozifanya video hizo leo kuwa kumbukumbu ya nyumba, magari na mishono ya nguo ambayo hakuna idara iliyofikiria kuihifadhi.

Mambo yaligeuka baada ya MTV Base kuanza kurusha matangazo barani Afrika mwaka 2005, kwani kituo cha bara zima kilidai ubora wa picha ambao vituo vya nyumbani havikuwa vikiudai. Diamond Platnumz alipopiga video ya "Number One" mjini Cape Town mwaka 2013, chini ya Ogopa Videos ya Kenya, na Ali Kiba alipomkabidhi mwongozaji Meji Alabi video ya "Aje" mwaka 2016, ilidhihirika kwamba mtazamaji aliyelengwa hakuwa tena wa Kinondoni, Dar es Salaam, peke yake. Picha zilipendeza, hilo halina ubishi. Hata hivyo, katika wingi wa video za kipindi hicho kisa kilipungua, wacheza shoo wakaongezeka, na jumba la kifahari lenye bwawa la kuogelea likawa mandhari isiyo na anwani, ambayo ingeweza kuwa Lagos, Johannesburg au popote pengine.

Kuhusu simu, kioo kilichofuata baada ya televisheni, maneno machache yanatosha. Fremu ya wima, yaani picha iliyo ndefu kwenda juu kuliko upana wake, imeleta kipande kifupi cha kuchezwa na kuigwa na mashabiki, na hivyo mwongozaji hupanga kwanza mitindo ya kucheza ndipo afikirie mengine.

Uhakiki wa fani hii hauwezi kukamilika ikiwa ushahidi wa hatua yake ya kwanza unaozea makabatini. Wasomaji wenye kanda za video za miaka hiyo wanaombwa wasizitupe, bali wazinakili katika mfumo wa kidijitali wakiandika mwaka, mahali zilipopigwa na jina la mwongozaji.