Samaki 153



Jioni moja kijana mchimbaji alikuja kwangu na karatasi ndogo iliyokunjwa. Ndani iliandikwa 153, basi. Mtu alimuuzia na kumwambia: hii ni hesabu ya samaki wa Yohana 21:11, ukishuka nayo shimoni udongo hautakuangukia. Akaniuliza: «Baba Pasta, ile namba iko na nguvu kweli?»

Nikamjibu: keti, twende tuihesabu.

Kwanza, panga mawe madogo. Mstari wa kwanza jiwe 1, wa pili 2, wa tatu 3, mpaka mstari wa 17. Jumla ni 153, na mawe yanafanya pembetatu kamili. Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika ya kaskazini, aliyekufa mwaka 430, alilijua jambo hili. Aliona katika 17 amri 10 na vipawa 7 vya Roho. Yalikuwa mahubiri, haikuwa hirizi.

Pili: 1, tena 1×2, tena 1×2×3, tena 1×2×3×4, tena 1×2×3×4×5. Ni 1 + 2 + 6 + 24 + 120. Jumla 153!

Tatu: 1×1×1 ni 1; 5×5×5 ni 125; 3×3×3 ni 27. Jumlisha: 153 tena! Na zaidi: chukua namba yoyote inayogawanyika kwa 3, kama 12, uifanyie vile vile, tena na tena. Inakuwa 9, halafu 729, 1080, 513, halafu 153, na hapo inabaki. Zote zinafika pale.

Kijana macho yalimtoka. «Si unaona, Pasta!»

Ngoja kwanza, mwanangu. Hesabu ya tatu inatoka katika namna yetu ya kuandika 1, 5, 3. Tarakimu hizi zilitoka India, zikapitia kwa Waarabu. Yohana aliandika kwa Kiyunani, kwa maneno: mia moja makumi tano na tatu. Basi angeificha namna gani siri ya tarakimu ambazo hakuwa nazo? Tena 153 haiko peke yake: 370, 371 na 407 zinafanya vile vile. Mwalimu mkubwa wa hesabu wa Uingereza, Hardy, alizitaja zote nne katika kitabu chake cha mwaka 1940, akasema ni za kuchezesha akili tu. Na nani anauza karatasi ya 407?

Biblia haielezi kwa nini waliwahesabu. Lakini mvuvi anahesabu samaki wake, kama vile wewe unavyohesabu mifuko yako mbele ya mnunuzi. Namba haishiki udongo. Miti ndiyo inashika udongo. Shimo likianza kupasuka, usishuke, hata ukiwa na karatasi kumi. Namba ni nzuri, tumshukuru Mungu kwa uzuri wake. Lakini mwenye kujua kuhesabu hauziwi namba.

Kijana aliacha ile karatasi mezani. Aliondoka na ile tuliyoandikia hesabu.

Baba na mama, jioni hii pangeni mawe pamoja na watoto. Halafu jaribuni 48: itafika 153 kwa hatua ngapi?

Mungu abariki jamaa zenu.