Vijana wanaweza kukaa kimya, tukikaa nao

Mwinjili Marko (3:14) anatueleza kwamba Bwana aliwachagua wale Kumi na Wawili kwanza wawe pamoja naye, kisha awatume. Sisi tunapenda hilo la kutuma. Lile la kuwa pamoja tunaliruka. Tunawaita vijana kwenye kongamano la siku moja, tunawahubiria kutwa, tunawagawia fulana, jioni wanapanda basi. Kisha tunashangaa kwamba hawajabadilika.

Leo naomba tujifunze kutoka India. Mwaka 1977 Profesa Kiran Seth wa chuo cha teknolojia cha IIT Delhi alianzisha chama kiitwacho SPIC MACAY, ili wanafunzi waufahamu muziki na sanaa za jadi za nchi yao. Chama hicho huandaa matamasha ambayo wanafunzi na wasanii wakubwa huishi pamoja chuoni kwa siku kadhaa. Nilipokuwa masomoni nchini humo nilipata nafasi ya kuhudhuria tamasha la namna hiyo.

Siku huanza kabla ya mapambazuko. Hakuna kiingilio. Watu huketi sakafuni, hula chakula kile kile cha mboga, na hushika mifagio kufanya usafi wa mazingira kwa kujitolea. Kila kijana huwekwa kwa mwalimu wa sanaa moja, akajifunza miguuni pake, na mwishoni huonyesha alichopata. Upo pia usiku mmoja wa muziki hadi alfajiri.

Na muziki wenyewe hauna haraka. Mwimbaji hulinganisha sauti yake na tanpura, chombo cha nyuzi kinachovuma mfululizo nyuma yake. Katika dhrupad, mtindo wa kale sana, huimba kwanza sehemu ndefu bila ngoma wala maneno ya wimbo, akiipitia sauti moja baada ya nyingine taratibu. Niliwaona vijana wa miaka kumi na minane wakisikiliza hayo kwa utulivu. Hawakuwa watawa. Walikuwa wanafunzi wa uhandisi na biashara, wenye simu kama vijana wetu. Lakini kulikuwa na mtu mzima aliyeketi nao na kuwafundisha namna ya kusikiliza.

Hii ndiyo habari ya Samweli na Eli (1 Sam 3). Kijana alilala hekaluni, akaisikia sauti, asijue ni ya nani. Mara tatu alimkimbilia mzee, na mzee ndiye aliyemwelekeza namna ya kuitika. Eli alikuwa na udhaifu wake, lakini alikuwapo. Samweli angemkuta nani kama mzee angekuwa amesharudi nyumbani?

Sisi tumejiaminisha kwamba vijana hawawezi ukimya. Kwa hiyo tunaongeza vipaza sauti, na mara baada ya Komunyo tunasoma matangazo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ulitaka kimya kitakatifu kishikwe kwa wakati wake. Tunakiogopa, kisha tunawasingizia vijana.

Wapo watakaouliza: Padre, nyimbo hizo si zinasifu miungu ya Wahindu? Baadhi ndiyo, na Mkristo akienda huko huenda kama mgeni anayesikiliza, si kama mwabudu. Lakini Kanisa, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, lilifundisha kwamba halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Bismillah Khan, mpiga shehnai maarufu aliyefariki mwaka 2006, alikuwa Mwislamu aliyeshika dini yake, na alipiga zumari lake katika mahekalu ya Wahindu mjini Varanasi. Imani iliyokita mizizi haitikisiki kwa kusikiliza.

Basi parokia zetu zifanye nini? Likizo ijayo, tuwaite vijana ishirini tu, wakae siku nne. Waamke alfajiri kwa Masifu. Wafagie kanisa pamoja na padre wao. Mwalimu wa kwaya awafundishe wimbo mmoja hadi waujue kwa moyo, na mzee wa jumuiya awasimulie alivyoishi ndoa yake miaka arobaini. Kila jioni wakae saa moja mbele ya Ekaristi Takatifu, bila kinanda, bila mahubiri.

Fedha zinazohitajika ni kidogo. Mchele na maharage vitatosha. Kilicho ghali ni muda wetu sisi mapadre, wazazi na walezi. Tusiwatume tena vijana ambao hatujawahi kukaa nao.

Nawatakia Dominika njema.