Paa la Zamani Lisiwe Sadaka ya Sumu

Kandokando ya Ziwa Victoria Kanisa limejenga sana tangu Wamisionari wa Afrika walipofika Bukumbi mwaka 1883. Nyumba za mapadre, shule, zahanati na konventi nyingi zilizojengwa miaka ya 1950 hadi 1970 sasa zimechakaa, na kamati za ujenzi zinapanga kuzikarabati au kuzibomoa. Ni jambo jema. Lakini kuna swali ambalo ni nadra kuulizwa kabla fundi hajapanda juu na nyundo yake: paa hili limetengenezwa kwa kitu gani?

Enzi hizo mabati ya asbesto yalitumika sana nchini, hasa kwenye majengo ya taasisi. Si mabati ya chuma. Ni mazito, manene, ya kijivu, hayashiki kutu, na ukiyagonga kwa nguvu hupasuka. Yakiwa mazima na yametulia, hatari yake ni ndogo. Yakivunjwa, kukatwa kwa msumeno au kutobolewa, hutoa vumbi la nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo huingia mapafuni na kubaki humo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu na ya utando unaoyazunguka.

Wapo watakaosema: wazee wetu waliishi chini ya paa hilo miaka 50 na hawakuugua. Hoja hiyo inasahau mambo mawili. Kwanza, waliishi chini ya paa zima. Anayeliezua ndiye anayevuta vumbi. Pili, ugonjwa huu huchukua miaka 20 hadi 40, hata zaidi, kujitokeza. Saidia fundi wa miaka 22 anayelipwa kwa siku ataugua akiwa na wajukuu, na hakuna atakayekumbuka kazi ya wiki moja parokiani. Huenda akapelekwa Bugando, hospitali ambayo Kanisa linaiendesha kwa makubaliano na Serikali. Tutakuwa tumemtibu kwa mkono mmoja jeraha tulilompa kwa mkono mwingine.

Linaloniumiza zaidi ni ukarimu wetu usio na taarifa. Mabati yakishushwa, mazima tunawagawia maskini wa jumuiya waezekee jiko au banda la nguruwe, na vipande vinajazwa kwenye mashimo ya barabara ya kigango, ambako magari huvisaga na watoto huvuta vumbi wakienda shule. Tunaita sadaka. Sadaka inayompa jirani kile sisi tumekikimbia si sadaka.

Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 21, anazitaja waziwazi taka za ujenzi na ubomoaji miongoni mwa zinazoichafua nyumba yetu ya pamoja. Na muda mrefu kabla yake, Kumbukumbu la Torati 22:8 lilimwagiza anayejenga nyumba aweke ukingo kwenye dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Usalama wa mtu wa juu ya paa ni wajibu wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba hapa ni sisi.

Tufanye nini? Kama paa ni zima na nyumba haibomolewi, liachwe bila kuguswa. Kama ni lazima litoke, kamati ianze kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), lenye ofisi ya kanda hapa Mwanza. Asbesto ni taka hatarishi, na kuikusanya na kuisafirisha kunahitaji kibali. Mabati yaloweshwe maji, yafunguliwe moja moja bila kuvunjwa, yashushwe kwa mikono wala yasitupwe, yafungwe kwenye plastiki nzito, yaandikwe alama, na yapelekwe mahali palipoelekezwa na mamlaka. Mafundi wavae barakoa maalumu za kuzuia vumbi hilo, si kitambaa, na nguo za kazi wasirudi nazo nyumbani kwa watoto.

Kifusi kingine nacho kina yake. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na taa za mirija zina zebaki. Vikitupwa bondeni, mvua huvisukuma hadi Mto Mirongo, kisha ziwani, ambako jiji hili linachota maji ya kunywa.

Ni gharama, nakubali. Ndiyo maana iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kama tunavyoingiza nondo na saruji, na harambee itangaziwe hivyo. Wengi wetu seminarini siku moja tutakabidhiwa parokia yenye majengo ya kale. Tujifunze mapema kuliuliza lile swali la paa, kabla ngazi haijaegemezwa ukutani.