Marumaru Misikitini: Je, Inamtumikia Nani?

Ni jambo la kushukuriwa kuona waumini wakitoa mali zao ili nyumba za Mwenyezi Mungu zipendeze. Hata hivyo, yatupasa kujiuliza: je, marumaru tunayoitandaza misikitini inamtumikia mwenye kuswali, au mwenye kutazama tu?

Tunakusudia hapa jiwe lenyewe lichimbwalo ardhini, wala si vigae vya kiwandani ambavyo wengi huviita kwa jina hilo. Marumaru ni jiwe la chokaa lililobadilika kwa joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi. Kulitumia si kosa. Msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina ulijengwa kwanza kwa matofali ya udongo, nguzo za vigogo vya mitende na paa la makuti yake, baadaye Sayyidna Uthman (r.a.) akaujenga upya kwa mawe yaliyochongwa.

Tazameni Makka. Mahali pa kutufu, kuizunguka Al-Kaaba, pametandazwa marumaru nyeupe kutoka kisiwa cha Thassos, nchini Ugiriki. Weupe wake hurudisha miale ya jua, hata mahujaji wakaweza kutembea kwa miguu mitupu mchana wa joto kali. Hapo uzuri na manufaa vimekutana.

Sasa tuangalie mahali pa kutawadhia katika baadhi ya misikiti yetu. Huko nako huwekwa marumaru iliyong'arishwa mithili ya kioo. Ikilowa maji huteleza, na aliye hatarini zaidi ni mzee. Akivunjika nyonga katika umri huo, huenda asiweze tena kuhudhuria swala ya jamaa. Aidha, wapo waisuguao kwa ndimu, siki au dawa za chooni zenye tindikali. Vitu hivyo huila chokaa iliyomo, na jiwe lililonunuliwa kwa sadaka za watu likafifia na kuharibika.

Shauri letu ni hili: marumaru yenye mng'aro ibaki kutani. Penye maji liwekwe jiwe ambalo uso wake umeachwa na mkwaruzo, nalo lioshwe kwa maji na sabuni isiyo kali. Kabla ya kumlipa muuzaji, wanakamati wakimwagie maji kipande cha mfano, wakikanyage kwa miguu mitupu, ndipo waamue. Jambo hili halina gharama yoyote, nalo laweza kumwepusha mzee wetu na madhara makubwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzijenga nyumba Zake kwa hekima. Amin.