Kibali Kwanza, Mtambo Baadaye

Habari za kinywe zimeenea Kusini nzima. Madini hayo meusi, yatumikayo katika penseli, katika vyungu vya kuyeyushia chuma, na siku hizi katika betri za magari ya umeme, yamo chini ya ardhi ya Wilaya ya Ruangwa, na kata ya Matambarale imo katika eneo hilo. Wenye mitaji mikubwa wamekwisha kufika, na palipo na mgodi hapakosi kufuata biashara nyingine: gereji, kituo cha mafuta, karakana ya kuchomea vyuma, mashine ya kukamua ufuta. Sisi twawakaribisha wote, maana vijana wetu wataka kazi. Lakini twasema wazi kwamba asiwepo hata mmoja atakayewasha mtambo pasipo kupata kwanza vibali vya kuzuia uchafuzi.

Sheria haina kificho katika jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yampa kila akaaye Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi na salama. Sheria hiyo hiyo yaagiza kwamba miradi yenye kuweza kuleta madhara ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya kuanzishwa, na hata kabla ya kugharimiwa. Kanuni za mwaka 2005, zilizorekebishwa mwaka 2018, zimeipanga miradi kwa madaraja kadiri ya uzito wa athari zake, ili mwenye karakana asibebeshwe mzigo wa mwenye mgodi. Anayetaka kuchota maji kwa ajili ya mtambo wake, na anayetaka kuyarudisha mtoni yakiwa majitaka, sharti apate vibali vya Bodi ya Maji ya Bonde chini ya sheria ya mwaka 2009. Kwa watu wa Ruangwa na Nachingwea, bodi hiyo ni ile ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini. Tena mahali pa kazi hapana budi kuandikishwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

Wako wasemao kwamba haya yote ni makaratasi tu. Hao hawajatazama namna kinywe kinavyopatikana. Jiwe huvunjwa, likasagwa hata likawa kama unga, kisha likachanganywa na maji na dawa ili kinywe kielee juu na kukusanywa. Sehemu kubwa iliyobaki ni tope, nalo halina pa kwenda ila katika bwawa lililojengwa kwa ajili yake. Bwawa hilo likijengwa vibaya, tope litashuka mashambani. Mwezi wa Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, lilipasuka, na tope likafunika mashamba na makazi ya watu. Na vumbi nalo lina hatari yake: mfanyakazi alivutaye miaka mingi bila kinga huharibika mapafu, na mshahara wake wote hauwezi kumnunulia mapya.

Watu wa Nachingwea hawahitaji kufundishwa hasara ya kuanza kazi kabla ya kupima. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ilifyekwa kwa matrekta kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Mpango ukavunjika mwaka 1951, baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Waliouamua walikuwa London, wakarudi kwenye shughuli zao. Ardhi iliyofyekwa ilibaki hapa hapa pamoja na wenyewe. Tathmini ya leo ni kinga dhidi ya upumbavu wa namna ile.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Mwananchi anayetaka kufungua kiwanda kidogo asizungushwe kutoka ofisi hata ofisi, leo aambiwe bwana mkubwa yuko safarini, kesho aambiwe faili halionekani. Ofisa anayekalia maombi ya mtu humfundisha kuivunja sheria. Na ofisa anayepokea rushwa ili afumbe macho huuza maji ya kunywa ya wanakijiji ambao hawakumtuma kuyauza. Twataka maombi yajibiwe kwa muda uliowekwa, ada zitangazwe mahali pa wazi, na maofisa wa mazingira wa halmashauri wawafuate wafanyabiashara wadogo vijijini kuwaeleza kwa Kiswahili chepesi nini kinachotakiwa. Serikali yenye kudai utii haina budi kurahisisha njia ya kutii.

Kwenu ninyi wanachama na wafanyakazi, twasema msimwachie mtu mwingine kazi hii. Sheria imeweka kamati za mazingira hata katika kata na vijiji. Ziulizeni zimekutana lini. Wataalamu wa tathmini wajapo kuita mkutano, nendeni, wake kwa waume, mkaulize bila woga: maji mtayatoa wapi? Tope litakaa wapi, na mvua za masika zikizidi itakuwaje? Vumbi mtalizuia kwa nini lisifike kwenye maua ya mikorosho? Mgodi ukifungwa, nani atafukia mashimo? Majibu yaandikwe, maana neno la mdomo hupeperuka. Na kibali kikisha kutolewa kisitundikwe ukutani kama picha ya harusi. Masharti yaliyomo ndiyo kibali chenyewe, na mfanyakazi aonaye yakivunjwa ana wajibu wa kusema, na chama chake cha wafanyakazi kina wajibu wa kumlinda.

Wengine wana hofu kwamba masharti haya yatawafukuza wenye mitaji. Sisi hatuoni hivyo. Mwenye mtaji wa haki hupenda kujua masharti yake mapema kuliko kusimamishwa kazi katikati, baada ya fedha kuzama. Anayekimbia kwa kuulizwa tope lake litakaa wapi, na aende. Kinywe kimekaa ardhini miaka isiyohesabika, wala hakitaoza kwa kungoja miezi michache. Lakini kisima kikiingia sumu, watoto watakinywea kesho asubuhi.

Matambarale yaweza kuwa na mgodi na mikorosho pamoja, mshahara na maji safi pamoja. Sharti lake ni kila jambo lishike zamu yake: kipimo kitangulie, kibali kifuate, ndipo mtambo ulie.

Uhuru na Kazi!